Masika Watu Wako Shamba

Mzee aliniuliza akiwa amenipa mgongo.

Tulikuwa kwenye mianzi yake, kijiji kimoja cha milimani nje ya mji wa Njombe, asubuhi ya mwezi wa tatu. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, ukungu bado umelala bondeni. Alikuwa na kisu kifupi na dumu la plastiki. Anafika kwenye mwanzi mchanga uliokatwa ncha, anaifungua mbeta iliyokuwa ikikinga maji ya mwanzi usiku kucha, anamimina ulanzi, pombe ya mwanzi, kwenye dumu, anachonga ncha upya, kipande chembamba tu ili kidonda kisifunge, kisha anairudisha mbeta mahali pake. Anahamia mwanzi wa pili. Jioni atapita tena hivyo hivyo.

"Hao watu unaowaandikia," akasema, "unawaambia waje huku lini?"

"Masika, baba. Wakati kama huu."

Akachonga. Akamimina.

"Masika watu wako shamba."

Basi. Hakuongeza neno. Hakulisema kwa ukali wala kwa kunibeza, alilisema kama mtu anayekujulisha kwamba duka la mtaani halifunguliwi Jumapili. Nami nikanyamaza, tukamaliza mianzi iliyobaki, akanipa kikombe cha mtogwa, ule ulanzi mtamu wa alfajiri, nikashukuru nikaondoka.

Wiki nyingi sasa sentensi hiyo haijaniacha.

Kalenda ya mbugani

Wanaonisoma siku zote wanajua msimamo wangu. Ukitaka kuziona Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, njoo zinaponyesha. Nimeandika hivyo kuhusu Makete, kuhusu Mufindi, kuhusu Kilolo, na nimebishana na watu wengi.

Ninaobishana nao wana kalenda mkononi, na kalenda hiyo inasema Juni hadi Oktoba. Kwa Hifadhi ya Ruaha ni kweli tupu. Kiangazi nyasi zimelala, maji yamebaki mtoni na kwenye madimbwi machache, wanyama wanalazimika kusogea mahali unapoweza kuwaona. Aliyetunga kalenda ile alikuwa anamfikiria tembo na simba. Hakumfikiria mtu anayependa maua, uyoga na pombe ya mwanzi.

Mwezi wa saba Makete ni baridi ya kuuma mifupa. Alfajiri unakuta barafu nyembamba juu ya nyasi. Uwanda wa Kitulo umegeuka rangi ya majani makavu. Mashamba ya mahindi ni visiki, barabara ni vumbi, na mianzi yote imefunga kazi. Mgeni anayefika wakati huo huona milima, anapiga picha, anasema pazuri. Ni pazuri kweli. Lakini amefika nyumba ambayo wenyewe wamefungasha.

Masika, ambayo huku ni msimu mmoja mrefu tangu mwisho wa mwaka hadi Aprili hivi, ndipo kila kitu hutoka. Mvua za kwanza zinapopiga, Novemba au Desemba, kumbikumbi wanaruka na watoto wanakimbia na ndoo. Porini yanaiva masuku, ambayo Iringa wengi huyaita makusu, yale matunda ya kahawia ambayo unalikamua moja mdomoni ukabaki na kokwa. Kisha unaanza uyoga, na ukipita barabara ya Iringa kwenda Mafinga utaona kinamama na watoto wameupanga kwenye beseni na sahani kando ya lami. Februari na Machi kuna majani ya maboga na mahindi mabichi ya kuchoma. Mto Kiwira chini ya Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba, unanguruma hadi mnasemezana kwa kupaza sauti. Chai ya Mufindi na Rungwe inachumwa kwa kasi ambayo haionekani wakati wa baridi.

Na ulanzi.

Dakika kumi za kuchimba dawa

Kuna sababu nyingine iliyonifanya niwe mkali kuhusu masika, nayo ni basi.

Wengi wetu tumeijua mikoa hii kwa dirisha la basi. Unapanda Kitonga ukiwa umeshika kiti cha mbele, unafika Ilula wauzaji wanakuinulia nyanya na vitunguu hadi usawa wa uso, unasimama mahali dakika kumi mchimbe dawa, konda anapiga bodi, safari inaendelea. Mafinga ni mbao. Makambako ni njia panda. Njombe, kwa wanaokata kushoto, ni viazi vya lumbesa na siku hizi maparachichi. Mtu anaweza kusafiri Dar hadi Mbeya tangu utoto wake hadi ndevu zinaota mvi, na akawa anaijua miji hii yote kwa kile tu kilichofika dirishani.

Kinachofika dirishani ni kile kinachoweza kusubiri.

Kitunguu kinasubiri. Kiazi kinasubiri. Mbao hata mwaka. Lakini ulanzi wa asubuhi ni mtogwa, mtamu, unaweza kumpa hata mtoto. Jioni umeshaanza kuchemka wenyewe. Kesho ni mkangafu, na mkangafu haukusamehi. Ukiutia kwenye dumu ukakaza kifuniko ukaweka chini ya kiti cha basi, kabla ya Mikumi utakuwa umeoga na jirani yako ameoga. Uyoga ule wa beseni nao siku ya pili umelegea. Ua la Kitulo halitoki Kitulo.

Kwa hiyo kama vitu hivi havitoki, lazima mtu aende. Na kama vipo masika tu, lazima aende masika. Hoja yangu ilikuwa hiyo, na bado naiona imenyooka.

Mzee yule hakuikataa. Alinionyesha tu kwamba kuna watu ndani yake.

Jembe

Nilipoanza kulichambua neno lake, kumbukumbu iliyokuja ya kwanza ilikuwa ya Kilolo, masika ya miaka ya nyuma.

Mama niliyefikia kwake alikuwa na shamba la mahindi lililozidiwa na magugu. Akaita mgowe. Wa Iringa na Njombe hawahitaji kuelezwa: majirani wanakuja na majembe yao alfajiri, wanalima shamba la mmoja kwa pamoja, na mwenye shamba anawaandalia chakula na pombe. Zamu ijayo ni shamba la mwingine. Siku ile pombe ilikuwa ulanzi, madumu yamewekwa kivulini chini ya mti na kufunikwa majani.

Waliponiona nimekuja na kamera wakanisalimu, "Kamwene," nikaitikia, nikaomba jembe. Nikapewa. Tulilima hadi jua likawa juu, mstari mmoja mrefu wa migongo, watu wanaimba, wanataniana, wanasemana habari za ndoa na za mbolea ya ruzuku iliyochelewa. Saa ya kupumzika ilipofika, mama akachota kikombe cha kwanza akaniletea mimi.

Mimi mgeni. Nyuma yangu alikuwa amesimama mzee mmoja aliyetangulia shambani kabla ya wote.

Nilikipokea, kwa sababu kukikataa kungekuwa kumvunjia mama heshima mbele ya watu wake. Nikanywa mafunda mawili nikampa yule mzee. Akapokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyesema lolote.

Tunao msemo ambao sote tulilelewa nao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunausema kwa kucheka, mjini hasa, mgeni anapokaa sebuleni wiki ya pili. Kilolo masika hauna kicheko. Siku ya kwanza tu jembe lipo, kwa sababu magugu hayangoji mgeni apumzike. Palizi ikichelewa wiki mbili, mahindi yanakonda na hakuna mbolea itakayoyarudisha.

Na ulanzi ule, ambao mimi nilikuwa nimeusafiria kama kinywaji, pale ulikuwa ujira. Ulikuwa ndiyo njia ya mwanamke asiye na fedha taslimu kupata mikono ya watu kumi na tano siku moja. Mwanzi hutoa maji yake wakati ule ule ambao shamba linadai watu. Sijui kama kuna aliyepanga hivyo zamani alipopanda mianzi karibu na nyumba, lakini mambo hayo mawili yamekaa pamoja, na mtu anayekuja kuonja moja anaingia katikati ya jingine.

Ghala la Februari

Hapa ndipo panaponisumbua zaidi, na nataka nikae hapa kidogo.

Huku mavuno ni mara moja. Mahindi yanayotoka shambani katikati ya mwaka ndiyo yatakayolisha nyumba hadi mwaka ujao. Januari shule zinafunguliwa, kuna sare, kuna daftari, kuna michango. Kabla ya hapo mbegu imenunuliwa na mbolea ya kupandia imenunuliwa, na ya kukuzia bado inadai. Kufika Februari nyumba nyingi ghala ni jepesi, nyingine limeisha na mahindi yananunuliwa kwa debe, tena kwa bei ya juu kuliko ile waliyouzia wenyewe mwezi wa nane. Shamba ni kijani hadi macho yanauma, na hakuna cha kula ndani yake bado.

Mgeni akipiga hodi mwezi huo, atapikiwa.

Hilo usilitilie shaka. Atapikiwa ugali mkubwa kuliko wa wenye nyumba, na kama wana kuku, kuku atachinjwa. Nimekula kuku wa Februari katika nyumba ambayo watoto walikula maharage chumba cha pili, na sikuambiwa chochote, wala hapakuwa na uso uliokunjwa. Ukarimu wa huku hauna tangazo. Ndiyo maana ni rahisi kuukalia bila kujua umeukalia.

Kwa siku kadhaa nilikuwa nimeshaamua. Nikasema nitaandika kinyume: msije masika, njooni Julai wakati magunia yako ndani na watu wana nafasi ya kukaa na wageni. Niliandika hata aya za mwanzo. Zilikuwa na adabu nzuri, na hazikuwa na uhai.

Aliyenirudisha ni mama ntilie wa Matamba.

Matamba ni mji mdogo juu ya ile barabara inayopanda kutoka Chimala, kona zake wenyewe wanaziita Hamsini na Saba, na masika zikilowa kila moja unaihesabu. Kibanda chake kiko karibu na stendi. Nilikaa pale nikisubiri mvua ipungue, nikala wali na maharage na mboga, nikamweleza jambo linalonisumbua, maana pale kwa mama ntilie ndipo mtu husema lililo moyoni. Akanisikiliza huku anachochea moto.

"Mwanangu, kiangazi kila mtu ana chake ndani. Nani atakuja kula kwangu? Masika ndiyo naomba Mungu magari yapite."

Nikamuuliza wageni wangapi wanapita masika.

"Barabara ikiwa hivi? Nyinyi wawili watatu. Halafu unataka kuwaambia wasije."

Akaniongezea chai bila kuniuliza.

Nilishuka zile kona siku ya pili nikiwa nimeshika maneno mawili yanayopingana, la mzee na la mama, na yote mawili ni ya kweli. Ikanichukua muda kuona kwamba wanamzungumzia mgeni tofauti. Mgeni wa mama ntilie analala gesti, anakula kwa kulipa, anapanda boda, ananunua mkate dukani. Fedha yake inaingia mwezi ambao fedha haipo. Mgeni wa mzee anakuja nyumbani. Anachukua asubuhi ya mtu, anakula kutoka ghalani, na anaondoka na picha.

Na mimi, ukweli ni kwamba ninachopenda kuandika kiko kwa mzee. Hakiko stendi.

Kitulo, ua na chakula

Ukitoka Matamba ukaendelea kupanda unafika Kitulo, na lazima niseme neno juu ya Kitulo kwa sababu pale swali hili limewahi kujibiwa kwa namna yake.

Uwanda upo zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Una aina zaidi ya 350 za mimea, na kati yake aina 45 za okidi zinazoota ardhini, zinazochanua mvua zinapokolea, Desemba hadi Aprili. Mwaka 2005 ukawa hifadhi ya taifa, hifadhi iliyoanzishwa kwa ajili ya maua. Ukitembea Februari, nyasi zinafika kiunoni, mvua ya manyunyu haikatiki, na kila hatua kuna rangi ambayo hatua iliyopita haikuwepo. Wanyama wakubwa ni simulizi za kwingine. Pale ni ua, ndege na upepo.

Okidi hizo zina chakula chini. Mmea mmoja una viazi viwili vidogo ardhini: kimoja cha zamani kinacholisha ua la mwaka huu, kingine kipya kinachotunzwa kwa ua la mwaka ujao. Mchimbaji anataka hicho kipya. Kinasagwa, kinapikwa na karanga na magadi na pilipili hadi kinashikana kama andazi zito, kinakatwa vipande. Ni chikanda, na Zambia kinapendwa sana. Soko la Zambia lilipokua, magunia ya viazi hivyo yalikuwa yakitoka milima hii kuvuka mpaka, na huo ulikuwa mmoja wa msukumo wa kuulinda uwanda.

Nimekionja Tunduma, mpakani. Ni kitamu, kina ulaini wa nyama isiyo na nyuzi. Sitakuelekeza pa kukipata. Ninaandika habari za vyakula na ninasema wazi kwamba kuna chakula ambacho bei yake ni uwanda kukaa bila maua, na sina njia ya kukisifu nikabaki nikiipenda Kitulo.

Lakini aliyekuwa akichimba hakuwa mharibifu kwa asili yake. Alikuwa mtu wa hapo hapo, kilimo chake ni kimoja kwa mwaka, na kiazi cha okidi kilikuwa fedha ya mkononi. Ukimwambia aache, jambo la haki ni kuuliza atashika nini badala yake.

Kijana aliyenitembeza alinipa jibu lake bila kujua ninalitafuta. Ni mkulima wa viazi mviringo. Nilimuuliza shamba lake nani analiangalia wakati yeye yuko na mimi kwenye maua. Akasema ameweka kibarua, mdogo wake. Siku moja ya kutembeza mgeni inamlipia mtu wa kumpalilia, na inabaki. Masika bila wageni angekuwa anapalilia mwenyewe, na mdogo wake aliyeshika hilo jembe angekuwa hana kitu.

Nikasimama pale kwenye manyunyu nikamwomba arudie. Akarudia. Hakuona ni jambo la kushangaza.

Si kila mahali

Niseme pia kwamba nilipoanza kupitia upya maandishi yangu ya zamani, niliona masika nimeyapaka kila mahali kwa brashi pana, na milima hii haifanani.

Kyela masika ni mafuriko, na si la kuandikia mashairi. Mito inayoteremka kutoka Rungwe na milima ya Livingstone yote inamalizikia pale kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Ukitaka ufukwe wa Matema, nenda baada ya mvua. Na ukitaka kuwaona wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Matema, wanachoma vyungu vyao nje, kwenye moto wa wazi juu ya ardhi, na chungu lazima kikauke kwanza. Mvua na kazi hiyo haviendani. Kiangazi ndiyo majira yao, na pia ndiyo majira ya mpunga mpya wa Kyela kuwa sokoni.

Tukuyu mvua haina adabu ya kalenda. Inanyesha wakati wowote inaotaka, ndizi zipo mwaka mzima, na bakuli la mbalaga halijui mwezi. Nenda tu.

Isimila, yale makorongo ya nguzo za udongo nje ya Iringa ambako zana za mawe za kale zilitambuliwa mwaka 1951, ni mahali palipochongwa na maji, na masika maji bado yanachonga. Nenda siku kavu.

Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete ndiko ninakobaki na neno langu.

Ninavyowaambia sasa

Njooni masika. Ila mje hivi.

Laleni gesti na kuleni kwa mama ntilie. Watu wangu wengi wanaona kulala kwa wenyeji ndiyo kuujua mji. Julai sawa, Februari hapana, isipokuwa umealikwa na umekwenda na chakula. Mkiwa mmealikwa, msiende mikono mitupu: sukari, chumvi, mafuta, sabuni, mchele. Hili bibi zetu walitufundisha, si jipya.

Msipige hodi asubuhi. Kuanzia alfajiri hadi saa saba watu wako shamba, na aliyebaki nyumbani ni mgonjwa, mzazi au mtoto. Alasiri ni nzuri. Jumapili baada ya kanisa ni nzuri zaidi. Siku ya gulio mtawakuta wote mahali pamoja, wamevaa vizuri na wana muda wa maneno.

Ukimwomba mtu akuonyeshe mianzi yake au njia ya msituni, mlipe siku, na kiwango cha chini kiwe kile ambacho yeye angemlipa kibarua wa kupalilia siku hiyo. Usimuulize yeye, atakwambia chochote unachoona. Uliza wawili watatu kijiweni kibarua cha palizi ni shilingi ngapi.

Mabuti ya mpira, koti la mvua, soksi za kubadilisha. Boda wa Makete masika hufunga cheni kwenye tairi la nyuma, asiyefunga usipande. Na gesti wakikuletea jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya baridi, shukuru, liweke nje ya mlango. Kila mwaka tunasikia watu wamelala na jiko, wamefunga dirisha, hawakuamka.

Lililobaki sijalimaliza, na ni lile la fedha nyumbani kwa mtu.

Nina rafiki, mwandishi mwenzangu, mzaliwa wa Kilolo. Nilipomsomea rasimu hii alikubali yote akafika pa kulipa siku akasimama. Anasema mwongoza wageni mlipe, boda mlipe, mama ntilie mlipe. Lakini mzee wa mianzi aliyekuita mwenyewe uje kuona, ukimpa noti umegeuza ugeni kuwa biashara, na mwaka wa tatu atakayekuja bila noti hatafunguliwa mlango. Amewahi kuona kijiji ambacho watoto wanaomba kabla hawajasalimia.

Mimi ninamwambia asubuhi ya mzee ina bei hata kama mzee haitaji. Shamba lake linaitaja.

Yeye anasema basi shika jembe. Ninamwambia nilishika, na bado nilipewa kikombe cha kwanza.

Akacheka, akasema mama yule wa Kilolo niliwahi kumpa noti akanirudishia, yeye rafiki akiona, akachukua sukari tu. Ni kweli, alirudisha. Lakini pia masika yaliyofuata nilipomtumia fedha kwa simu, nikamwandikia ni mchango wangu wa mgowe, hakurudisha. Alinipigia kunieleza walikuja watu wangapi, walilima hadi wapi, na ulanzi alinunua madumu mangapi kwa sababu mianzi yake mwaka ule haikutoa vizuri.

Rafiki yangu anasema hiyo ni kwa sababu sikuwepo. Mtu asiyekuwepo kwenye mgowe hutuma kitu, ndivyo ilivyokuwa siku zote. Nami naona huenda yuko sahihi zaidi ya anavyodhani, kwamba njia ya kulipa ilikuwepo tangu zamani na ni ya mwanakijiji aliyekosa nafasi ya kuja shambani. Kama mgeni anaweza kuingia kwa mlango huo bila kujifanya mwanakijiji, sijui.

Mwezi wa pili tunakwenda wote wawili, yeye kwao na mimi nikiwa naye. Tumekubaliana tutamuuliza mama mwenyewe, alasiri, baada ya palizi.